Kofia za Rambirambi

Uligeuza uso. Usinibishie, nilikuona. Jumanne asubuhi ulipita mbele ya nyumba ya Mzee Chiwaya, ukaona turubai, ukaona wanawake kwenye mikeka, ukavuka kwenda upande wa pili wa barabara huku umeinua simu juu kama mtu anayetafuta mtandao. Mji mzima wa Lukumbi ulikuwa unatafuta mtandao asubuhi ile. Sijapata kuona mtandao unaotafutwa kwa bidii namna hiyo.

Mimi sisahau. Nakumbuka mwaka maji ya mto yalipotoka meupe kama togwa, tukaambiwa ni chokaa tu, haina neno. Nakumbuka Kampuni iliposema vikohozi vya watoto wa shule ni vumbi la barabara mpya, na barabara mpya yenyewe ilikuwa bado haijakatwa. Nakumbuka nani alipiga makofi siku ya uzinduzi wa tanuri, na aliketi kiti cha ngapi. Kwa hiyo kaa hapo nikueleze kilichotokea ndani ya turubai lile ulilolikwepa.

Jumatatu mchana Twaibu alikufa mgodini, yeye na vijana wawili wageni ambao miili yao ilisafirishwa kwao. Walifia ndani ya chumba cha kusafishia kinywe, madini yetu meusi, kule wanakopitisha klorini kwenye moto ili madini yatoke safi ya kuundia betri. Twaibu tulimzika jioni ile ile. Jumanne nilipofika msibani, nilimfuata kwanza Sinani, aliyekuwa zamu moja na marehemu, nikamkuta anapuliza chai.

"Sinani, pole. Jana mchana ulikuwa wapi?"

"Kazini, da Kolumba."

"Uliona nini?"

"Twaibu amefariki."

"Hilo nalijua, nimeshika udongo. Amefarikije?"

Alinitazama kwa tabasamu la mtu aliyeulizwa jina la mwalimu wake wa darasa la kwanza. Akakuna kidevu. "Kulikuwa na... kuna tatizo lilitokea kule ndani." Akakinusa kikombe. "Hii chai wametia tangawizi?"

Nikamwendea wa pili, nikamwendea wa tatu. Wote walikuwa zamu ile, wote wameoga, wamepumzika, macho meupe kama ya watoto waliolala mapema. Kila mmoja alijua kuwa rafiki yake amekufa, kama unavyojua kuwa Songea iko magharibi. Hakuna aliyekuwa na mlango wa chumba kile kichwani, wala moshi, wala sauti.

Hapo ndipo nilipoyaona maboksi ya kofia za usingizi pembeni ya gunia la mchele.

Sikiliza, maana hili nililisoma mwenyewe, kwa hasira, kamusi ubavuni, kwenye vitabu vilivyobaki katika maktaba ya sekondari iliyofungwa. Ukilala fofofo ubongo hauzimi. Unatwanga. Umewaona wanawake watatu kwenye kinu kimoja? Mmoja anainua, mwingine anashusha, wa tatu yuko njiani, na michi haigusani. Ndani ya kichwa mchi wa kwanza ni wimbi kubwa la polepole linalopita ubongo mzima, karibu mara moja kila sekunde. Wa pili ni mtetemo mfupi wa kasi unaopanda mgongoni mwa wimbi hilo. Wa tatu unatoka ndani kabisa, usawa wa masikio, kwenye kijisehemu kilichojikunja ambacho kazi yake ni kushika mambo ya siku. Usiku kinayarudia mbio mbio, kipande baada ya kipande. Michi ikipishana vizuri, jambo la jana linasagika, linachanganyika na ya zamani, linakuwa unga wako wa kudumu.

Kofia ya usingizi haikupigi shoti wala haikuumizi. Inasubiri wimbi kubwa lianze kupanda, kisha inagonga kidogo kwenye ngozi, tik, mapema kuliko inavyopaswa. Michi inagongana. Inagonga tena, na tena, mpaka kunapambazuka. Ya zamani yanabaki, yameshakuwa unga. Ya jana na juzi, ambayo bado ni chenga, yanamwagika chini. Zile za sokoni, za wasiopata usingizi, ni laini, zinamwaga kidogo kidogo kila unapolala nazo. Za Kampuni zinakomba kinu kwa mara moja.

Na Kampuni ilizileta kama rambirambi.

Unajua aliyezileta? Bwana Hokororo, afisa ustawi, mwenye sauti ya kubembeleza. Alifika jioni ya maziko na mchele, mafuta, sukari, na kofia za kuwatosha waombolezaji wote. Akapiga magoti mbele ya Mzee Chiwaya, mjomba wa marehemu na mwenye msiba, akasema: "Mjomba, Kampuni inalia pamoja nanyi. Hizi ni ili wafiwa wapate lepe la usingizi."

Mzee Chiwaya akapokea kwa mikono miwili. Angefanyaje? Hapa kwetu rambirambi inapokelewa, na ikishapokelewa hairudi ilikotoka. Kuirudisha ni kusema maiti huyu hakustahili kuliliwa. Na kinacholetwa msibani kinagawiwa wote, mkubwa akianza, kama wali unavyopita kwenye sinia. Basi mzee akavaa ya kwanza mbele ya wageni, akamvisha Sinani, Sinani akamvisha jirani yake. Kampuni haikuhitaji kumtishia mtu. Ilihitaji mtu mmoja tu aliyewahi kukaa msibani kwetu akaona sinia linavyozunguka. Hokororo ni mtoto wa huku huku. Amekula kwenye masinia hayo hayo.

Mmoja tu hakulala. Somoe, mjane. Alivishwa kofia kama wengine, akakaa nayo macho makavu akitazama ukuta mpaka kukakucha. Naye, mfanyakazi wa mgodi ule ule, ndiye aliyekuwa kwenye dirisha la mitambo, nje kidogo ya chumba kile, mumewe akiwa ndani.

*

Tume ya ajali ilikuwa imeshafika mjini, na kwa kuwa Somoe yuko eda, ilikubali kuja nyumbani Jumatano asubuhi pamoja na mashine yake. Mashine ile ndiyo sheria sasa. Inakaa kichwani, unaulizwa, na kama uliyaona mambo kwa macho yako au kuyasikia kwa masikio yako, ubongo unapoyarudia unatoa mdundo wake na kioo kinauonyesha. Kama ulisimuliwa, mdundo ni mwingine. Ushahidi wa kusimuliwa hauandikwi. Kamera za chumba kile, kama ulivyokwisha kubashiri, ziliharibika zote siku hiyo hiyo.

Kwanza, Jumanne ile ile, nilikuwa na kazi ya kuzitoa zile kofia ndani ya nyumba. Mzee hawezi kuzirudisha. Ndugu hawawezi. Lakini mimi ni Mngoni, wao ni Wayao, na msibani mtani hana adabu ya kuvunja.

Nilikwenda nikavaa helmeti ya kazi ya Twaibu iliyokuwa imetundikwa ukumbini, nikaingia barazani kwa mwendo wake ule wa mabega mbele.

"Watumwa wangu hamjambo! Nani kawaruhusu kulia bila mimi?"

"Mngoni huyo!" mama mmoja akapiga kelele. "Ficheni kuku!"

"Kuku wenu wembamba wa nini! Nimemfuata huyu mvivu. Myao gani anakwenda kufia kazini? Siku zote alikuwa akitafuta njia ya kutorudi zamu, leo kaipata!"

Watu wakaanza kucheka, kile kicheko cha msibani kinachotoka na machozi. Nikachukua ungo, nikaanza kupita mkeka kwa mkeka nikivua kofia vichwani na mapajani. "Hii nyara. Na hii nyara. Wewe Sinani, kichwa chenyewe kitupu, kofia ya nini?"

Bwana Hokororo, aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha wageni, akasimama. "Samahani, mama, hivyo ni vifaa vya Kampuni, vina utaratibu wake wa..."

"Kaa chini, bwana," Mzee Chiwaya akamwambia. Nilimwona usoni, alikuwa kama mtu aliyetuliwa mzigo. "Huyo ni mtani. Angeweza kunibeba hata mimi."

"Nikubebe uende wapi, mzee? Huli, hulimi!"

Turubai zima likalipuka kwa kicheko. Nikatoka na ungo umejaa. Na juu kabisa ya rundo ilikuwa ya Somoe, niliyoichukua mwenyewe kwenye mkeka wake alipokwenda kutawadha. Nilijiona nimeshinda. Kwa muda wa kikombe kimoja cha kahawa nilijiona nimeshinda.

*

Adhuhuri Somoe akaniita chumbani. Alikuwa amekaa sakafuni, shuka limemfunika mabega, macho yamemwiva mekundu.

"Umeniibia na yangu, mtani."

"Nimeiba zote."

"Nirudishie."

Nikafunga mlango. "Somoe, kesho wanakuja. Wenzako wote wamemwagwa vichwa. Umebaki wewe."

"Nimebaki kwa sababu usingizi ulikataa. Usinifanye shujaa wako."

"Kaa macho basi mpaka kesho. Tutakaa wote, nitakupikia kahawa chungu."

"Kolumba, nikifumba macho hata nikiwa nimekaa naanguka. Tangu asubuhi naona ukuta unapumua. Na wewe mwenyewe ndiye unayesemaga, asiyelala mambo yanamchanganyikia. Nitawaambia nini hiyo kesho? Kwamba ukuta ulipumua?"

Ni kweli nilisema. Nalisema kila mahali, hata pasipo na mtu wa kusikiliza.

"Basi lala hivi hivi," nikamwambia. "Lala bila kofia. Jambo litakaa imara kama msumari. Kesho utalisema, kioo kitaonyesha, na mwenye kosa atakwenda kujibu."

Alicheka kidogo, kicheko kibaya. "Unajua Twaibu alikuwa akirudi kazini anafanyaje? Anabisha hodi. Nyumba yake mwenyewe, ufunguo mfukoni, anagonga. Mbili za haraka, moja ya taratibu. 'Hodi, mwenye nyumba, kuna mgeni hana pa kulala.' Miaka yote hiyo. Nikichelewa kufungua anagonga tena, anajifanya analia." Akajipangusa pua kwa shuka. "Jana alipokuwa ndani ya chumba kile aligonga vile vile. Sijui kama alijua ni mimi niko dirishani. Mbili za haraka, moja ya taratibu. Halafu zikawa nyingi. Halafu ikawa mkono mmoja tu, unateleza."

Nikaketi sakafuni mbele yake.

"Sasa niambie wewe uliyesoma. Nikilala bila kofia, ule mlango na huu mlango wa nyumba yangu, haitakuwa mlango mmoja? Kila nikimkumbuka anabisha hodi, sitasikia ule mkono? Michi yako hiyo inasemaje?"

Ningeweza kumdanganya. Inasema ndivyo. Jambo jipya likisagwa linachanganywa na yale yanayofanana nalo, na ukishachanganya unga wa mtama na wa muhogo hakuna ungo wa kuutenganisha tena.

"Ndivyo," nikasema.

"Wewe unamtaka Twaibu wa mkutano, wa kuchora kwenye bango. Sikulaumu. Lakini mimi nina huyu mmoja tu, yule anayebisha hodi. Ukimchukua huyo sina mwingine."

"Na wale watakaoingia chumba kile kesho kutwa? Na wake zao?"

"Nimewafikiria. Unadhani nilikuwa natazama ukuta tu?" Akanyoosha mkono. "Waite wanawake wote waingie. Nitasema yote, mara moja, mbele yao. Halafu unipe kofia yangu nilale."

"Ushahidi wa kusimuliwa hauandikwi, Somoe! Unajua hauandikwi!"

"Waite."

Kofia ilikuwa kwenye kanga yangu, kiunoni. Nilikuwa na nguvu kuliko yeye. Ningetoka nje, nikakaa mlangoni, usingizi ungemwangusha wenyewe bila kofia na kesho tungekuwa na shahidi. Fikiria hilo kabla hujanihukumu, na kama una jibu rahisi basi hujaelewa swali. Kampuni ilitaka kumwingilia mwanamke huyu kichwani bila kumuuliza. Na mimi nilikuwa nimesimama pale, mpigania haki, na jambo lile lile mkononi, nikitafuta sababu nzuri ya kulifanya.

Nikafungua mlango nikawaita.

*

Alisema bila kulia. Gesi ilianza kuvuja kwenye bomba la juu. King'ora kikalia chenyewe, kama kilivyotengenezwa. Msimamizi wa zamu akatazama kipimo cha joto, akasema tanuri likizimwa leo halitafika joto lake mpaka Ijumaa na mzigo unasubiriwa bandarini. Akanyoosha mkono akakikata king'ora. Kisha akateremsha komeo la mkono kwenye mlango ili gesi isitoke kuja upande wa mitambo. Watu wakiwa ndani. Somoe alimrukia mkono, walinzi wakamshika. Yaliyofuata mlangoni aliwaambia pia, yote, na hayo sitayarudia hapa kwa sababu aliwapa wao.

Kisha Bi Asumini, yule mama wa vitumbua pale njia panda, akajipiga paja.

"Subiri kwanza! Hicho king'ora nilikisikia!"

"Ulikisikia wapi, shoga?"

"Kibandani kwangu! Nina karai la mafuta mkononi. Nikasema hawa nao, kujaribu king'ora saa ya watu kula? Halafu kikakatika, kwi, kama kuku aliyeminywa shingo. Nikaendelea na vitumbua vyangu."

"Na jana hukuvaa kofia?" nikamuuliza.

"Nivae kofia na nimesuka Jumapili? Ile kitu inabana. Niliikalia."

Nikamgeukia Somoe. Nilitaka kumwambia angoje. Lakini alikuwa ameshanyoosha mkono tena, na mimi nilikuwa nimeshakubali sharti lake. Nikampa. Akaivaa mwenyewe, akalala juu ya mkeka akatazama ukutani, na kabla wanawake hawajamaliza kutoka alikuwa anakoroma.

*

Jumatano asubuhi Tume ilibisha hodi. Somoe aliposikia mlango ukigongwa alitabasamu. Nilikuwa karibu naye, nililiona tabasamu lile likija lenyewe, kabla hajakumbuka kwamba ni mjane. Nilitaka kuvunja kitu. Sijui bado nilitaka kuvunja nini.

Walimvika mashine. Mwenyekiti wa Tume, mama mtaratibu wa miwani, akamuuliza mara ya kwanza, akamuuliza kwa namna nyingine. Kioo kilikaa kimya kama maji ya karai.

"Mume wangu alifariki kazini, Mungu amrehemu," Somoe alisema. "Naambiwa nilikuwepo."

"Shahidi hana mdundo wa tukio," mwenyekiti akasema.

Bwana Hokororo akasoma maelezo ya Kampuni kwa ile sauti yake. Kwamba marehemu na wenzake walikuwa wamekata waya wa king'ora ili kisiwasumbue. Kwamba kwa sababu hiyo king'ora hakikulia kabisa, wala msimamizi hakujua kuna hatari. Kwamba Kampuni imewasamehe.

Imewasamehe!

"Nivikeni mimi," akasema Bi Asumini. Akakaa kwenye kiti, akaelekeza namna ya kupitisha nyaya katikati ya mistari ya nywele. "Taratibu, mwanangu, hii kazi ya siku nzima."

Mwenyekiti akamuuliza Jumatatu mchana alisikia nini. Kabla hajafungua kinywa, kioo kikaruka. Mawimbi yakapanda yakishikana, marefu kwa mafupi, yakaonekana hata na sisi tuliokaa mlangoni: king'ora kinaanza, king'ora kinakatwa. Mwenyekiti akavua miwani.

"Huyu amesikia. Kililia, na kilikatwa."

"Mtu mmoja," Bwana Hokororo akasema. "Anaweza kuwa alisikia gari la wagonjwa."

"Anaweza," mwenyekiti akasema. Akanitazama mimi, sijui kwa nini mimi. "King'ora kile kimewekwa kusikika mji mzima. Kama kililia, hawezi kuwa amekisikia mama mmoja. Nileteeni wengine. Tunafungasha mashine leo baada ya alasiri, na kesho uamuzi unasomwa."

Tangu wakati huo niko barabarani. Nimegonga milango yenu. "Sikumbuki vizuri, da Kolumba." "Mimi huwa nalala mchana." "Niache, nina watoto." Na pale sokoni nimekuta meza ya Kampuni, kofia zinagawiwa bure, moja kwa kila kaya, pole kwa mji wote wa Lukumbi, na foleni imefika mpaka kwa wauza dagaa. Mmeshika mistari vizuri. Hakuna aliyesukumana.

Sasa nakuuliza wewe unayesoma karatasi hii, na nakuuliza kuhusu mambo yaliyo kichwani mwako, maana ya Somoe yamekwisha na si yako kuyadai. Jumatatu mchana ulikuwa wapi? Ulikuwa unakula. Ulikuwa unafua. Ulikuwa unagombana na fundi. King'ora kikaanza, ukainua kichwa. Kikakatwa. Ukasubiri kidogo uone kama kitarudi, hakikurudi, ukaendelea na ulichokuwa unafanya. Unacho. Kiko hapo usawa wa masikio, na hata sasa hivi kimejirudia chenyewe, umekisikia. Hakuna anayekuomba ubebe kifo cha mtu. Unaombwa ubebe sauti moja mpaka kwenye kiti kimoja.

Alasiri bado. Mashine iko ukumbini kwa Mzee Chiwaya, mlango uko wazi, Bi Asumini ameshikilia kiti kisitolewe. Kama umeshaipokea ile kofia, itupe chooni. Acha chakula kipoe. Mchukue jirani yako mkono, yule aliyeinua kichwa ulipoinua wewe, mkiwa njiani mgongeni kila mlango, na muje. Inuka. Sasa hivi, kabla hujasinzia.